Nimemtungia Mume wa Mwenzangu Hawara wa Masasi

Shangazi Bimdogo, shikamoo. Naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana nimefanya jambo la kipumbavu na naogopa mpaka chakula hakipiti, mume wangu anadhani ni malaria.

Nina miaka thelathini na sita, naishi hapa Newala, mume wangu ni katekista, na ugonjwa wangu ni riwaya za mapenzi. Nyingine nazinunua kwenye simu sehemu kwa sehemu, nyingine dada yangu ananiletea vitabu kutoka Mtwara navificha kwenye ndoo ya unga, na nakwambia kweli Shangazi, hawa waandishi wetu wa siku hizi, wengi wao mabinti wadogo tu, wanaujua moyo wa mwanamke mpaka unajiuliza nani kawaambia, wanaandika watu kama sisi, nesi, mama lishe, mwalimu mjane, na kuna mmoja kaandika mwanamume anambebea mkewe ndoo ya maji kutoka bombani mbele za watu, ukurasa mzima ni hiyo ndoo tu, na mimi ninayeijua foleni ya maji ya kwetu nililia nikashindwa kupika.

Sasa sisi wanawake saba tunabangua korosho pamoja barazani kwa Mama Yoeli, kazi ni ndefu, mikono imepakwa majivu kuzuia mafuta ya maganda yasituunguze, mdomo tu ndio uko huru, nikaanza kuwasimulia. Lakini ningesemaje kwamba nimesoma riwaya, mke wa katekista, na kanisani wanaviita vitabu vya uchafu? Nikasema kuna dada mmoja namfahamu. Kitabuni mume ni daktari wa Dar, mimi ili inoge nikamfanya bwana shamba, anaaga anakwenda Tandahimba kwenye mnada wa korosho, kumbe yuko Masasi kwa mwanamke. Wiki tatu nasimulia, wanaguna, wanalaani, mmoja hata alimwombea yule dada kanisani.

Nilimsahau Mama Glory, mmoja wetu pale barazani. Mumewe ni bwana shamba, mtu wa kuja kutoka Iringa, na msimu huu analala Tandahimba siku tatu, nne. Kumbe alikuwa amekaa pembeni yangu siku zote hizo, anajihesabia siku za mumewe. Jumatatu akanivuta nyuma ya jiko, akasema, "Mama Amon, nyumba ya huyo mwanamke iko wapi? Niambie tu mwenzangu, sitakutaja." Ningesema ukweli pale pale. Lakini wenzetu walikuwa wanakuja, nikajibu, "Nyuma ya stendi, anauza vitumbua." Shangazi, huyo muuza vitumbua simjui, nilimtoa kichwani.

Sasa Mama Glory kafunga begi arudi kwao Chidya, na kaka yake Silvano, mtu wa hasira, ameapa kwamba Jumamosi wanapitia Masasi kwanza. Nyuma ya stendi hawawezi kukosa mama mwenye kikaango. Kila nikifumba macho naona panga. Nikisema ukweli nitaitwa mzushi na mume wangu ataaibika, nikinyamaza kuna mtu atakatwa kwa sababu anauza vitumbua. Nifanye nini?

Mama Amon, Newala

Shangazi Bimdogo anajibu

Marahaba, mwanangu. Pole, kisha nisikilize vizuri, maana nitakugombeza.

Kupenda riwaya si dhambi. Ninazo kabatini na sizifichi. Nimekaa kwenye ndoa miaka ishirini na mbili sijabebewa hata kikombe, kwa hiyo hiyo ndoo yako naielewa.

Kosa lako ni kwamba binti wa watu alikaa akatunga, wewe ukaigeuza kazi yake kuwa umbeya. Ulimficha mwandishi, na habari isiyo na mwenyewe watu huitafutia mwenyewe. Bibi zetu walitutaka kwanza tuitikie "hadithi njoo", ili kila mtu ajue anasikiliza nini. Wewe hukuwapa wenzako nafasi hiyo. Halafu ulipoulizwa ana kwa ana, ukaongeza na vitumbua.

Mwambie mumeo sasa hivi. Aibu ya katekista itapita, mkono uliokatwa hauoti. Chukueni hicho kitabu mwende nyote wawili kwa Mama Glory, umfungulie ukurasa, amsome huyo daktari wa Dar kwa macho yake. Usimwambie alikuelewa vibaya. Alikuelewa sawasawa, wewe ulimdanganya, na umwambie kwa maneno hayo hayo. Mkitoka hapo mwende kwa Silvano pamoja na mzee wa kanisa. Atafoka, mwacheni afoke. Wale wengine barazani utawaambia baadaye, na jina la mwandishi ulitaje.

Nimekupigia simu mara nne hupokei. Najua ni woga. Ndiyo maana leo Alhamisi barua yako nimeisoma hewani asubuhi, wakati korosho zinabanguliwa na redio zimewashwa. Majina ya watu nimebadilisha, ila bwana shamba na stendi nimeviacha kama ulivyoandika, kwa makusudi.

Na wewe uliyefunga begi, mdogo wangu, kama unanisikia: huyo mwanamke wa Masasi hayupo. Ambaye kaka yako atamkuta nyuma ya stendi ni mama wa watu, hajui hata jina lako. Kuhusu mumeo, mimi simjui na siwezi kumwapia. Akirudi kutoka Tandahimba, muulize yeye.