Pepo Limejibu

Jumatano usiku

Chumba changu hakina kufuli, na hilo nimelilalamikia tangu mwaka jana.

Kazi yenyewe inataka kimya. Nasoma sentensi kwenye simu ili kampuni fulani ya ng'ambo ifundishe mashine yao Kiswahili. Rekodi zangu zimeshakataliwa mara mbili kwa sababu ya jogoo wa jirani, na zikikataliwa tena akaunti inafungwa. Ndiyo maana leo mchana nilijifunika blanketi mpaka kichwani nikaanza kusoma: "Zima taa. Ongeza sauti. Nipeleke Malava."

Mama akanisikia kutoka jikoni. Alikuwa na mwenzake wa kanisani, Mama Evalini. Kabla sijajifunua, mikono yao ilikuwa kichwani mwangu.

"Toka ndani ya mtoto wangu, pepo wewe," Mama akasema polepole, kila neno likisikika.

"Mama, niko kazini."

"Pepo limejibu," akamwambia Mama Evalini.

Nilipojinasua, rekodi ilikuwa imeshajituma. Nikakaa nikingoja kufungiwa.

Jioni jibu likaja. Sauti yangu haieleweki, wamesema, lakini ya yule mama ni safi sana. Je, anaweza kusoma sentensi zilizobaki?

Nikamweleza Mama. Akauliza kama kazi hiyo ina pensheni. Nikamwambia haina hata likizo.

"Basi nitaifanya kwa muda tu," akasema, "nikitafuta kitu cha maana."