Baba Alivyomuaga Rais Mstaafu

Lucky Summer,
Nairobi.

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za wajukuu wako. Kimwili hatujambo. Mgongo wako unaendeleaje? Na mahindi yamefika magotini, au mvua bado inasumbua? Ningekupigia simu, lakini Baba yuko hapa na chumba chetu ni kimoja, kila neno angelisikia. Barua hii ataileta binamu yangu Simiyu, anasafiri kesho.

Mama, Baba alikuaga akasema anakuja kupimwa macho. Macho yake hayana shida. Alikuja kumwona rais mstaafu kabla hajazikwa.

Tangu kifo kitangazwe, pale soko la Kariokor hatushoni kwa amani. Unamkumbuka Wambui wa Murang'a, ninayeshona naye viatu kwenye kibanda kimoja. Alikata picha ya marehemu gazetini akaibandika juu ya meza yetu. Anasema mama yake hangejua kusoma kama mzee huyo hangewajengea shule. Nikamwambia kuna wengine waliofungwa.

"Wengine gani?" akaniuliza. "Wataje."

Nikainamia sindano yangu. Tukiwa wadogo ulituambia Baba alikwenda kufanya kazi Uganda. Minong'ono kwamba alifungwa niliisikia, lakini sikuwahi kukuuliza, na mtu hawezi kubishana sokoni kwa minong'ono. Basi tukashinda tumenuniana, kila mmoja na kiatu chake.

Kesho yake Baba akatokea pale kibandani amevaa koti lake la kanisani. Hata chai hakutaka. "Nipeleke nikamwone," akasema, akaionyesha ile picha kwa kidole.

Wambui alifurahi, akidhani amepata mwenzake wa kuomboleza. "Twende sote, Baba," akasema. "Mimi pia sijamuaga." Tukafunga kibanda tukaenda.

Foleni ya kumuaga marehemu ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Kijana aliyesimama nyuma yetu akamwambia Baba, "Buda, siku za huyu mzee kulikuwa na nidhamu. Si kama sasa."

"Kulikuwa na kimya," Baba akamjibu bila kugeuka.

Basi watu wakadakia. Mmoja anataja barabara, mwingine anataja mjomba wake aliyepotea, mama mmoja anasema marehemu hasemwi vibaya. Sauti zikapanda mpaka askari akaja kutuambia tunyamaze. Baba akacheka kidogo. "Mnaona?" akasema. "Hata leo."

Tulipofika mbele ya jeneza, Wambui alifanya ishara ya msalaba akapita. Baba akasimama. Askari akamwambia, "Songa, mzee." Hakusonga. Alimtazama marehemu usoni, akavua kofia, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayejibu akiitwa, "Mimi ni Wafula. Nilirudi nyumbani."

Kisha akabaki pale pale, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimeganda, sikujua nifanye nini. Wambui ndiye aliyerudi akamshika mkono, akatoka naye.

Tulikaa kwenye kihoteli karibu na mtaa wa Majengo, na hapo ndipo alipotueleza. Kwamba aliuliza mbele ya baraza kwa nini shamba la ushirika limepewa mkubwa mmoja. Kwamba polisi walimchukua akiwa anakamua ng'ombe, akafungwa. Siku ya kumwachilia walimwambia akifungua mdomo tena hatarudi, na rais atasahau kwamba aliwahi kuwepo mtu anayeitwa Wafula. Mama, haya wewe unayajua. Mimi nilikuwa nikiyasikia kwa mara ya kwanza, katika umri huu, huku chai ikipoa mbele yangu.

Wambui akauliza, "Na shule, Baba? Si aliijenga?"

"Aliijenga," Baba akasema. "Hata kwetu alijenga, na watoto wangu walisoma hapo. Sikatai. Lakini mimi alinifunga, na hakuna mtu aliyewahi kuja kuniambia pole."

"Pole, Baba," Wambui akasema. Baba akainamisha kichwa.

Usidhani mambo yameisha hapo. Picha bado iko ukutani. Wambui anasema hawezi kuitoa, angekuwa anamtukana mama yake. Mimi siwezi kuitazama. Tunashona tumepeana migongo, halafu saa ya chakula ananiuliza Baba amekula nini. Kazi haiendi. Nashona kisigino, nakifumua, nakianza upya. Na hasira yangu sijui niielekeze wapi, maana yule wa kulaumiwa ameshakufa, na wewe, Mama, uliyetuficha ukweli, ulifanya hivyo ili tulale usingizi.

Sasa sikiliza. Baba anarudi Jumamosi. Jumapili kanisani kwenu kuna ibada ya kumkumbuka marehemu, na najua wewe na akina mama wenzako ndio mtakaoimba. Baba anataka kusimama aseme. Amenikataza nisikuambie kwa sababu anajua utamzuia. Anazunguka humu ndani akijaribu maneno yake, anafika pale pa ng'ombe anakwama, anaanza tena.

Usimzuie. Najua ni woga wa miaka mingi, na najua mzee wa kanisa anaweza kukasirika. Mwache aseme.

Nisalimie nyanya yetu, Kukhu, umwambie shali yake naishona. Msalimie shangazi yetu, Senge, na mjomba anayetulindia ng'ombe, na mwalimu jirani yetu.

Na hiyo Jumapili, Mama, usiketi na waimbaji. Keti kwenye benchi ya mbele, mahali Baba anaweza kukuona. Atakapokwama, mtajie neno linalofuata, kwa maana wewe pekee ndiye uliyekuwepo walipomchukua.

Ni mimi binti yako anayekupenda,
Nekesa