Gari la mzee Kalinga na watu wasiojua magari

Jumanne, Uyole.

Ukungu leo umegoma kuondoka. Saa nne asubuhi bado sioni choo cha jirani, na si hasara, maana choo chenyewe hakina mlango. Baridi imeniingia kwenye mifupa ya vidole. Naandika kwa kidole kimoja, hiki cha kulia, na wale wanaonicheka kwamba mzee wa darasa la nne anaandika kwenye mtandao waendelee tu kucheka. Wao wana digrii zao na hawajaandika hata mstari mmoja ambao mtu ameusoma.

Nimeamka na dharau. Si hasira, hasira ni ya vijana. Dharau tu, imetulia tumboni kama ugali wa jana.

Habari yenyewe ni hii. Nimekata mipaina yangu. Shamba lote la kule juu, nililopanda kwa mikono yangu wakati wenzangu wanasema miti ni kazi ya serikali. Mbao zimekwenda, hela imeingia, na mimi nataka pikapu. Mti wa mbao unakua polepole kuliko mtoto. Nikipanda mingine leo, atakayekata si mimi. Kwa hiyo hili ni gari la mwisho la maisha yangu. Nikikosea, hakuna shamba lingine la kukata.

Sasa kila mtu amekuwa mwalimu.

Wanataka ninunue ile pikapu ndogo ya kila mtu. Mnaijua, sitaji jina, hawanilipi matangazo. Imejaa barabarani kama kuku wa mgahawa. Diwani anayo, mchungaji anayo, muuza mbolea anayo, na yule bwana mwenye duka la vipodozi naye anayo, sijui anabebea nini, labda poda. Milango minne mbele, na nyuma bodi fupi kama beseni la kuogeshea mtoto. Ukipakia magunia ya viazi yaliyojazwa lumbesa, yale yenye kichwa kirefu cha wavu, yanatoka nje kama miguu ya mtu aliyelala kitanda cha shule. Halafu mwenye gari anashuka, anapiga tairi teke, anasema hii ni chuma. Chuma gani, ndugu yangu? Umenunua sebule ukaifungia karai nyuma.

Mimi nimeendesha lori la ushirika barabara hii ikiwa bado vumbi. Nimeshuka mlima wa Kitonga na breki za kubahatisha. Wazee wenzangu wanaonishauri leo walikuwa wanashuka kwa miguu kwa woga, nikawa nawasubiri chini nimeshamaliza kula.

Gari ninalolitaka mimi ni la Kimarekani. Jina lake pia sitaji, msije mkaniwahi. Silinda nane. Bodi lake la nyuma unaweza kumlaza ng'ombe, si ndama, ng'ombe, na mlango wa bodi ukafungika. Hapa Mbeya sijaliona lingine. Lipo Iringa kwa mzee mmoja anaitwa Kalinga, mkandarasi mstaafu, na bei yake ni ya kushangaza kwa jinsi ilivyo ndogo.

Mwanangu Lusajo, yule wa ofisini Dodoma, alivyosikia akapiga simu akaongea kama redio. Litakunywa mafuta, spea hakuna, ukitaka kuliuza nani atalinunua. Nikamuuliza nani kamwambia nauza. Akasema, baba, watu wanafikiria mbele. Mtoto niliyemfundisha kuvaa viatu ananifundisha mbele iko upande gani. Fundi wa hapa kona naye akaleta yake, kwamba kifaa kikivunjika mpaka kiagizwe Dubai. Huyu fundi pikipiki ya mpwa wangu ilimshinda, akairudisha na nati tatu kwenye kiganja akisema hizi zimezidi.

Sikusikiliza mtu. Jumapili baada ya ibada nikapanda basi kwenda Iringa. Mke wangu, Mama Atupele, akasema naye anakuja.

Nikamuuliza unakuja kufanya nini, unajua magari? Akasema hajui magari, lakini miti ile alikuwa anaipalilia na mtoto mgongoni, kwa hiyo anakuja kuona inakwenda wapi. Nikakata tiketi mbili. Si kwamba nilishindwa la kusema. Basi lilikuwa linaondoka.

Tulilala kwa Atupele, binti yetu aliyeolewa huko, na jana asubuhi tukaenda kwa Kalinga. Mhehe mrefu, mkimya, suti ya kaunda imepauka lakini imepigwa pasi. Akatupokea kwa salamu yao ya kamwene, ile ndefu, akampa Mama Atupele kiti kabla yangu. Gari lilikuwa bandani chini ya turubai. Alivyolivuta lile turubai, nakiri, moyo ulicheza. Kubwa. Jeusi. Limekaa kama fahali aliyeshiba.

Nilitafuta kasoro kwa sababu mnunuzi lazima atafute. Sikupata. Hakuna kutu, hakuna mvujo wa oili, tairi nzima. Nikamwambia, mzee, gari zima hivi unauza bei ya bati, limeua mtu? Akasema hapana. Akasema, "Sina mtu wa kukaa kulia."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akaeleza kwamba mke wake alifariki mwaka juzi, na tangu hapo gari halijatoka nje ya mji.

Nikacheka kimoyomoyo. Mwanaume mzima, mkandarasi aliyejenga madaraja, anashindwa kuendesha kwa sababu mke hayupo? Nilimdharau, nasema ukweli. Nikasema moyoni hawa ndio wanaume waliozoea kuchotewa maji ya kuoga. Nikaomba ufunguo.

Usukani wake uko kushoto, kama malori ya kule ng'ambo. Hilo nililijua toka mwanzo na halikunitisha, mkono ni mkono. Mimi kushoto, Mama Atupele kulia mahali ambapo dereva angekaa, Kalinga siti ya nyuma kashika fimbo yake. Tukatoka, tukashika barabara kuu pale Ipogolo, tukaelekea upande wa Mafinga.

Mjini liliteleza kama sabuni. Nilikuwa naangalia wale wa pikapu za kila mtu wanavyonitazama kutoka chini. Nikawapungia mkono kidogo, kidole kimoja tu kutoka kwenye usukani, kama mkuu wa mkoa.

Halafu tukakuta lori la mafuta.

Mnayajua yale yanayokwenda Zambia, marefu, yanapanda mlima yakilia kama mgonjwa. Sasa sikilizeni kitu ambacho Lusajo na digrii yake hakukisema, fundi hakukisema, na mtandao mzima haukukisema. Usukani ukiwa kulia, unachungulia kidogo tu pembeni ya lori, unaona kama njia ni nyeupe, unapita. Usukani ukiwa kushoto, wewe umekaa upande wa majani. Unaona makalio ya lori na majani. Ili uone mbele inabidi uingize gari zima upande wa wenzako, na ukishaliingiza umeshajiuza. Anayeona ni aliyekaa kulia.

Anayeona ni Mama Atupele, ambaye hajawahi kuendesha hata toroli.

Nikawasha taa ya kupita. Akasema, "Bado."

Nikamwambia nimeona. Akasema, "Umeona nini, Baba Atupele? Majani?"

Nyuma kule Kalinga akakohoa. Nilijua kile ni kicheko kimevaa koti. Damu ikanipanda. Mimi niliyeshuka Kitonga bila breki niambiwe bado na mtu aliyekuja kuangalia hela yake? Nikakanyaga. Silinda nane zikaitika zote kwa pamoja, gari likaruka, nikatoka upande wa kulia.

Basi lilikuwa linakuja.

Sitaandika mengi hapo. Liliwasha taa zote. Mama Atupele hakupiga kelele, aliweka tu mkono wake juu ya mkono wangu kwenye usukani na kuusukuma upande wangu, halafu kama vile amekumbuka dereva ni nani, akauachia. Nikakanyaga breki, nikarudi nyuma ya lori, basi likapita na upepo wake ukatutikisa mpaka meno. Kondakta akachungulia dirishani akatutukania wazazi.

Mimi nilikuwa nasubiri nisemwe. Nilikuwa na majibu tayari, makali. Hakuna aliyenipa nafasi ya kuyatumia.

Tukafuata lile lori. Tukalifuata na kulifuata. Pikapu ya kila mtu ikatupita, ndani yake kijana na kofia, hata hakutuangalia. Ikapita nyingine. Ikapita noah imebeba kabichi juu. Mimi, ndani ya fahali la silinda nane, nimekaa nakula moshi wa watu kama mbuzi aliyefungwa nyuma ya baiskeli. Maisha yangu yote sijawahi kukaa nyuma ya mtu safari ndefu namna ile.

Mwisho nikauliza. Sauti ilitoka ndogo, nikajisafisha koo nikauliza tena.

"Tupite?"

Alikuwa amejivuta mbele, shingo ndefu, mikono miwili kwenye dashibodi. Akaacha gari moja la mbele lije lipite. Akaacha la pili. Nikamwona anahesabu kitu chake kichwani, kama anavyotazama chungu cha maharage na kujua bila kufunua. Halafu akasema, taratibu, bila kunigeukia:

"Sasa. Nenda."

Nikaenda. Sikuona chochote. Nilikwenda nimefumba macho kwa maana ya kwamba macho yalikuwa wazi lakini hayana kazi. Njia ilikuwa tupu mpaka kwenye kona ya mbali. Lori likabaki nyuma kama nyumba.

Nilipokumbuka kumwangalia Kalinga kwenye kioo, nilikuta anaangalia nje dirishani, upande wa mashamba, na fimbo yake ameiweka chini.

Nikarudisha gari kwake. Nilimwambia nitampigia. Akasema, "Hakuna haraka, mzee mwenzangu." Akalifunika gari kwa turubai mwenyewe, kona moja baada ya nyingine, na mimi nikasimama pale kama mtu aliyekuja kwenye msiba asiyejua aketi wapi. Nilitaka kumwambia kitu. Sikukijua.

Kwenye basi la kurudi sikulala. Watu walikuwa wanakoroma, Mama Atupele naye kaegemea kioo, na mimi nikawa napima.

Upande mmoja pikapu ya kila mtu. Nitakwenda peke yangu ninapotaka, Makongolosi, Ruaha Mbuyuni, popote, sitaomba ruhusa ya mtu. Nitabeba nusu ya viazi na kusalimiana na mwenye poda kama ndugu wa chama kimoja. Fundi atafurahi, Lusajo atafurahi. Hicho kitu peke yake, kwamba watafurahi, kinanitia kichefuchefu.

Upande wa pili, lile fahali. Viazi vyote kwa safari moja. Lakini bila yeye siendi popote zaidi ya sokoni. Siku akiwa na mafua, nakaa. Akienda kwa dada yake Tukuyu, nakaa. Siku akikasirika, na huyu anakasirika kimya, wiki nzima, nitakuwa nafuata moshi mpaka nyumbani.

Na anazeeka. Mimi sizeeki sana, lakini yeye anazeeka.

Leo asubuhi akiwa anapepeta mchele nikamuuliza, kwa mbali, kama vile siulizi, anaonaje lile gari. Akaendelea kupepeta. Akasema ni gari zuri. Akasema nikinunua atakaa kulia, ila yeye akisema bado ni bado, na siku nikikanyaga tena kama jana atashuka hapohapo porini na kupanda basi, na hatarudi kukaa. Hakupandisha sauti hata kidogo. Halafu akasema siti ile iko chini mno kwake, jana alikuwa anaona nusu barabara, nusu dashibodi.

Nikamuuliza, kwa hiyo ulivyosema nenda ulikuwa unaona nusu?

Akasema hapana, pale alikuwa amepiga magoti.

Amepiga magoti juu ya siti, mwanamke wa umri ule, na magoti yake yale anayoyapaka dawa kila jioni. Na mimi nilikuwa pembeni yake naangalia makalio ya lori.

Nimekaa na hilo mpaka ukungu umeanza kupungua.

Basi nimeamua. Lusajo asinipigie, fundi asinisimamishe njiani, na wewe unayesoma hapa ukitingisha kichwa, tingisha, shingo ni yako. Nikimaliza kuandika nampigia Kalinga, namwambia nachukua. Nitamwambia pia, nikiweza, kwamba siku ya kulichukua nitakuja na Mama Atupele, kwanza twende wote watatu mpaka Ifunda na kurudi, bila kazi yoyote.

Lakini kwanza napita kwa yule muuza magodoro pale stendi anikatie kipande cha sponji. Kigumu, kinene, kipana kama siti. Akiniuliza cha nini, nitamwambia ni cha mgongo wangu.