Achari Yetu na Ulimi wa Mama

Jumapili, Sindeni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua haijashuka. Nimechoka, ila leo ni uchovu wa kazi, si ule wa mwanzo wa wiki.

Nimekaa barazani na simu yangu. Wiki nzima watu wameniuliza kwenye ukurasa wetu achari imekwenda wapi, nami nimewajibu kwa ufupi. Hapa nataka kuandika kwa urefu, hata kama hakuna atakayesoma.

Biashara yetu ni ndogo, ya nyumbani. Mama anapika achari ya embe, Baba anaosha chupa na kubandika lebo, mimi nauza. Siku za gulio niko Handeni mjini au Korogwe. Siku nyingine niko mtandaoni, napiga picha, najibu maswali, nafunga maboksi ya kutuma kwa basi Dar na Tanga. Embe tunachukua Makuyuni zikiwa bado mbichi na ngumu. Mengine yote yako kichwani mwa Mama. Hajawahi kupima kitu. Anachota chumvi kwa kiganja, anakoroga, anaonja kwa ncha ya mwiko, anatikisa kichwa, anaongeza. Wateja wakiniuliza siri ni nini, nilikuwa najibu kwamba ni ulimi wa mama yangu. Nilisema kwa mzaha, na mzaha huo ulituuzia chupa nyingi.

Mambo yaliharibikia Korogwe. Mama Neema, anayepika wali na maharage karibu na stendi, ni mteja wetu tangu tulipokuwa tukiuza kwenye makopo ya plastiki. Aliningoja nimalize kupanga meza, kisha akaniwekea chupa mbele yangu. Kifuniko kilikuwa kimevimba.

"Mwajuma, hii imechacha," alisema. "Na ile ya kabla yake ilikuwa imepooza. Nilinyamaza nikidhani ni mimi."

Nilimpa nyingine. Akaifungua palepale, akaonja, akanirudishia, akaenda zake kwenye masufuria yake.

Nikaionja na mimi. Embe ilikuwapo. Pilipili ilikuwapo. Chumvi ilikuwa kama imepita mbali tu. Achari isiyo na chumvi ya kutosha haikai, hilo hata mtoto wa mpika achari analijua. Inatoa mapovu, inaumuka, inatafuta pa kutokea.

Kabla sijafika nyumbani, simu ilikuwa imejaa. Dada mmoja wa Dar alikuwa ametuma picha ya chupa iliyopasuka kabatini mwake, mafuta ya manjano yametiririka hadi kwenye mfuko wa unga. Chini ya picha watu walishaanza kuandika. Mmoja aliuliza kama tunataka kuua watu.

Nilijibu nikiwa bado kwenye basi. Niliandika kwamba joto la njiani limeharibu baadhi ya chupa, tunaomba radhi. Ilikuwa rahisi kuandika. Joto lipo, njia ni ndefu, nani atabisha?

Nyumbani niliwakuta wazazi wangu jikoni, sufuria kubwa iko motoni. Mama alichovya mwiko, akaupuliza, kisha hakuupeleka mdomoni mwake. Aliupeleka kwa Baba.

Baba akaonja. "Hapo hapo," alisema. "Ukiongeza itakuwa chumvi tupu."

Baba ana presha. Daktari alimkataza chumvi zamani, na Mama humpikia mboga yake pembeni. Kwa ulimi wake, hata mchicha wa jirani ni maji ya bahari.

Nilisimama mlangoni, mkoba bado begani.

"Mama, kwa nini huonji mwenyewe?"

Baba aliangalia chini. Mama alifunika sufuria, akajifuta mikono kwenye kanga, akakaa kwenye kigoda.

"Sisikii kitu, mwanangu. Tangu yale mafua ya masika. Pilipili naisikia inavyowasha, basi. Chumvi na sukari kwangu ni kitu kimoja."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungesema tufunge."

Ni kweli, ningesema hivyohivyo.

"Mimi ndiye niliyemwambia nitamwonjea," Baba alisema taratibu. "Niliona ulimi ni ulimi."

Watu hawa wawili wameoana tangu ujana wao. Mmoja hasikii chumvi, mwingine anaisikia kupita kiasi, na miezi yote hii wamekuwa wakisimama juu ya sufuria moja wakisaidiana. Nilitaka kukasirika. Hasira haikuja.

Niliwaonyesha picha ya kabati la yule dada. Nikawasomea na jibu langu. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Joto limefanya nini?" aliuliza.

"Nilikuwa nakukinga, Mama."

"Umelisingizia jua. Akinunua nyingine akaiweka kwenye friji, ikachacha tena, utasema friji? Futa. Waambie chumvi ilipungua, wasiile, na kila mtu atapata chupa nyingine. Jina langu liweke ukitaka."

Nilifuta. Niliandika kwamba mpishi wetu aliugua akapoteza ladha, chumvi ikapungua, chupa zilizopo zitupwe, na kila aliyenunua tutamtumia nyingine. Jina sikuliweka. Watu wengine walitutukana, wengine waliondoka kwenye ukurasa kimya kimya. Yule dada wa kabati aliandika swali moja tu: Mama anaendeleaje?

Nimelisoma swali hilo mara nyingi.

Sufuria ya siku ile Mama aliimwaga mwenyewe shimoni, nyuma ya banda. Hakutaka nimsaidie.

Kesho yake tulikwenda hospitali Handeni mjini. Daktari alisema ladha inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Mama alimshukuru kama mtu aliyepewa dawa. Tulipotoka nje alisema anataka kwenda Korogwe kumwona Mama Neema. Mama hapendi safari za gari, zinamtia kichefuchefu, lakini alikwenda.

Alisimama mbele ya meko ya Mama Neema na kumwambia bila kuzunguka, "Nimekuharibia chakula cha wateja wako. Ulimi wangu hausikii tena."

Mama Neema aliendelea kupakua sahani mbili tatu za watu waliokuwa wakingoja. Kisha akavuta kiti, akampa Mama akae. Walizungumza muda mrefu, mmoja kwa Kizigua, mwingine kwa Kishambaa, kila mtu kwa lugha ya kwao, wakaelewana vizuri tu. Mimi nilikuwa nimekaa meza ya pili, napata neno hapa na pale. Tulipoaga, Mama Neema alinigeukia mimi.

"Mkipika nyingine, lete. Lakini utaionja wewe kwanza, mbele yangu."

Hakuahidi kununua. Naona ana haki.

Leo basi tumepika. Nimenunua mizani ya jikoni, na Mama amekubali chumvi ipimwe. Ila ameniambia mizani haijui kwamba embe ya mti huu ni chachu kuliko ya mti ule. Lazima pawe na ulimi. Kwa hiyo alinipa mwiko mimi, yeye akakaa kwenye kigoda.

"Unasikia nini?"

"Chumvi."

"Iko wapi? Inakuja mwanzo, au ukishameza?"

Sikuwahi kufikiri kwamba chumvi ina mahali pake. Nilionja tena. "Mwanzo."

"Basi embe bado haijainywa. Ngoja."

Tulingoja. Nikaonja, nikaeleza, akaniambia niongeze kidogo, nikaonja tena. Kuna wakati nilimwambia "nzuri" naye akakataa neno hilo. Alisema nzuri si ladha. Mwishowe nilimwambia kwamba uchachu unatangulia, chumvi inafuata nyuma yake, na pilipili inachelewa, inakuja wakati umeshasahau.

Alikuwa amefumba macho.

"Ni hiyo," alisema. "Ipua."

Niliogopa kuipua. Sufuria nzima imesimama juu ya maneno yangu, na yeye hana njia ya kujua kama nimekosea. Baba alikuwa anasuuza chupa, akasema kwa sauti ya chini kwamba sasa nimejua jinsi alivyojisikia yeye alipokuwa akionja, na Mama akacheka kwa mara ya kwanza wiki hii.

Kisha tukala ugali kwa mlenda, mimi na Mama kwenye sahani moja. Nilimtazama akimega tonge, akilichovya, akilitafuna bila haraka, na ndipo lilipoingia moyoni mwangu jambo ambalo lilipaswa kuingia tangu siku ya kwanza. Tangu masika mama yangu anakula hivi. Wiki nzima nimehangaika na chupa, wateja, ukurasa. Yule dada wa Dar, asiyemjua, ndiye aliyemuulizia. Mimi sikumuuliza.

"Mama, ukila unasikia nini?"

Alifikiri kwanza. "Joto. Na ulaini. Na nyinyi mnavyokula." Akameza. "Huu mlenda umekuwaje leo?"

Nilimweleza. Una uchungu kidogo kwa nyuma, karanga zimezidi, na moshi wa kuni umeingia. Alisikiliza kama anasikiliza habari za mtu aliyesafiri. Kisha akamega tonge jingine kubwa kidogo, akachovya.

Sijui maneno yanaweza kukaa mahali pa ladha kwa muda gani. Asubuhi nitajaribu tena, kwa chai.