Rejeta ya Chumba Chako

Mama,

Umekufa. Nimeliandika neno hilo ili nilione kwa macho, maana hapa kila mtu analizunguka. Kanisani wanasema umepumzika. Mjomba Kamau anasema umetutangulia. Mimi ninachojua ni kwamba ulitoka asubuhi na sare yako ya kazi, ukanigombeza kwa kuchelewa kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, na kabla ya saa sita nikapigiwa simu kwamba umeanguka kule unakohudumia wazee, moyo umesimama. Moyo gani, Mama? Huo huo uliokuwa ukipandisha kuni ngazini ukiimba? Mpaka leo nikisikia gari likisimama nje nainuka nikufungulie mlango.

Nikueleze habari za jiko, kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza. Limewashwa. Ndiyo, bila wewe.

Wewe ndiye uliyelitamani tangu ile theluji iliyotukatia stima tukalala na makoti, ukaapa kwamba hukutoka baridi ya Kinangop kuja kugandishwa na baridi ya huku ugenini Gaithersburg. Ukalitafuta mpaka ukalipata, jiko la kuni lenye boila mgongoni, yaani tangi la kuchemshia maji, la kupikia na la kupasha nyumba nzima moto. Fundi alitaka maji yote yasukumwe na pampu. Ukamkatalia. Ukachora njia ya maji kwa kidole kwenye unga wa chapati: bomba nene litoke jikoni, lipande moja kwa moja hadi rejeta ya ukutani chumbani mwako, kile chuma kinachopitisha maji ya moto kupasha chumba, kisha lirudi chini.

"Maji ya moto yanajipandisha yenyewe," ulimwambia. "Stima ikipotea pampu inalala, lakini kuni hazilali. Hiyo joto lazima ipate pahali pa kuenda."

Ndiyo maana ukakataza rejeta hiyo isifungwe hata siku moja. Fundi, kwa mazoea, alikuwa ameshaitia koki. Ukamfanya aondoe kishikio ibaki nati tupu, ili asije mtu akaizungusha. Nilikucheka sana siku ile, nikakuita injinia wa chapati, ukanirushia unga usoni.

Basi sikiliza. Siku ya pili ya maombi theluji ilianguka tena. Watu walikuja hivyo hivyo, wengine kutoka Falls Church, Mjomba kutoka Springfield, akina mama wa kanisa na sufuria zao. Mchana stima ikapotea. Mtu akasema, si jiko la mwenyewe lipo? Wakalijaza kuni. Chai ikachemka, watu wakavua makoti, wakaanza kukusifu, na mimi nikasahau kidogo kwamba hupo. Niligeuka nikuambie.

Ndipo mabomba yakaanza kugonga ukutani. Kwanza taratibu, halafu kama mtu anayebomoa nyumba kwa nyundo. Wimbo ukakatika. Juu darini nikasikia tangi dogo la kupokea maji yanayofurika kutoka kwenye boila likitokota. Nilijua maana yake: maji yamekosa pa kwenda, na boila inaweza kupasuka. Niliuliza nani ameingia chumbani mwa Mama. Mjomba akainua mkono kama mtoto wa shule.

"Nilifunga hiyo heater yake asubuhi na spana. Chumba cha marehemu hakikaliwi mpaka tuzike. Sasa tutakiwashia moto wa nini?"

Alikuwa amekufungia kwa heshima, Mama. Nyumba imejaa watu, moto umejaa jikoni, pampu imelala, na maji hayana njia. Niliwafokea wazee watoke nje, mimi uliyenifundisha kutoinua sauti mbele ya wakubwa. Walitoka kwenye theluji na soksi. Nikamnyang'anya Mjomba spana, nikapanda.

Sikuwa nimeingia chumbani mwako tangu ile simu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye rejeta bila kutazama kitanda. Nati ikagoma. Nikailalia kwa mwili wote, nikikuita, nikikutukana pia, unisamehe. Ikaachia. Maji yakapita yakikoroma, chuma kikaanza kupata joto kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kugonga kukapungua, kukaisha.

Kisha nikageuka. Ndara zako zilikuwa zimeelekea kitandani. Kitambaa chako cha kichwa kilikuwa juu ya mto, bado kimekunjwa kwa umbo la kichwa chako. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hurudi. Si kwenye simu wala kule walikonionyesha mwili. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye rejeta, nikalia kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mjomba alikuja akakaa kando yangu na koti lake lenye theluji. "Nilitaka tu chumba cha dadangu kitulie," alisema, naye akalia.

Nimefikiria sana tangu siku ile. Ungekubali mpango wa fundi, wa pampu peke yake, sijui nani angebaki hai wa kuandika barua hii.

Keshokutwa tunapanda ndege na wewe kwenda Kinangop. Barua hii nitaiweka kwenye jeneza, upande wa mkono wako wa kulia.

Nikirudi, fundi atakuja kuing'oa ile koki kabisa, bomba libaki wazi. Nimekwishamwambia. Nami nitahamia chumbani mwako. Mjomba amenuna kidogo, lakini hakunikataza.

Nenda salama, Mama yangu. Sijui nitaishije. Lakini nakuahidi hili: kila tutakapowasha moto nyumba hii, joto litapita kwako kwanza.

Mwanao,
Wangari