Mkono wa Kushoto wa Hae-won

Berchem-Sainte-Agathe, Brussels
4 Februari 2012

Mdogo wangu Nathaniel,

Habari za huko Korea? Baridi ya Daejeon inakutendeaje? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kuinua wazee wa watu kutwa nzima. Mama alipiga simu kutoka Tukuyu. Goti limepungua uvimbe, na anauliza kwa nini humpigii. Mpigie.

Sasa nikupe habari. Chumba cha pili nimempangisha msichana wa huko huko ulipo, anaitwa Hae-won. Anasomea fidla kwenye chuo cha muziki hapa mjini. Mpole, anavua viatu mlangoni, akipika supu yake ya mwani ananiwekea bakuli. Nakutumia picha yetu tuliyopiga jikoni. Kwanza alikataa kupigwa, nikamwambia ni ya mdogo wangu tu, akakubali.

Lakini kuna jambo. Aliniomba nisiandike jina lake kwenye kengele ya chini. Pazia la chumbani kwake hafungui. Na juzi anakanda unga, simu yake ikalia, akaniomba nimshikie sikioni. Nikasikia mwanamume anafoka kwa Kikorea mpaka simu inatetemeka mkononi mwangu. Hae-won aliosha mikono taratibu, akaenda chooni kutapika. Nilipomuuliza akasema mtu kakosea namba.

Wewe lugha yao unaijua, na watu wake umewazoea. Kuna kitu nisichokijua?

Dada yako,
Vero


Daejeon
11 Februari 2012

Dada Vero,

Shikamoo. Mimi sijambo, masomo yanakwenda, theluji imefika magotini. Mama nimempigia, amenisema weee, mpaka salio likaisha.

Dada, mtoe huyo msichana nyumbani kwako. Nilipofungua picha nilishtuka. Korea nzima inamjua. Mwaka jana alirekodiwa kwenye treni ya chini ya ardhi kule Seoul akimpiga mzee kwa kasha la fidla. Mzee wa mvi kabisa. Akaanguka, kichwa kikagonga mlango, damu hiyo. Video yenyewe ni fupi, lakini kesho yake watu wa mtandaoni walishapata jina lake, shule aliyosoma, picha zake za utotoni na mahali wazazi wake wanapoishi. Huku wakimwamulia mtu wanamchimba mpaka mfupa. Baba yake aliachishwa kazi. Mama yake ana mgahawa wa tambi hapa hapa Daejeon, vioo vilivunjwa. Msichana akatoweka. Wengine wakasema amejiua, wengine wakajibu kwamba hata hiyo haitoshi.

Mimi kuvunja vioo sikubali. Ila mzee ni mzee. Wewe na mimi tulilelewa hivyo, mtu hainui mkono mbele ya mvi. Do-yun, mwenzangu wa chumbani, nilimwonyesha picha yako, akaruka kitandani kama timu yake imefunga bao. Akaniomba nimtumie, nikamtumia. Anasema sasa haki itatendeka.

Mtafutie sababu ya upole, umwambie ahame.

Mdogo wako,
Nathaniel


Brussels
13 Machi 2012

Nathaniel,

Salamu nakupa, maana mama alitufundisha kwamba barua haianzi bila salamu. Uzima ninao.

Barua yako niliisoma, kisha nikamwita Hae-won mezani nikamuuliza. Alisukuma kikombe chake pembeni, akanieleza. Treni ilikuwa imejaa. Yule mzee alisimama nyuma yake, akamwingizia mkono chini ya sketi. Alisogea, mzee naye akasogea. Alimwambia aache, watu wakamkodolea macho yeye. Hapo ndipo alipompiga, na aliyerekodi alianza pale kasha lilipoinuka. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilisema," akanijibu. "Wakaandika kwamba mwenye sura mbaya kama yangu hawezi kushikwa."

Sikumfukuza. Haukupita muda bahasha zikaanza kuja hapa, zina jina lake na namba ya mlango wangu. Ya kwanza ilikuwa na nyembe, zikamkata vidole. Iliyofuata ilikuwa na panya aliyeoza. Halafu papa Bertin, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya chini, akapanda kunionya. "Maman Vero, kuko muntu moja chini, anauliza mutoto wa Corée. Nimemuambia hakuna. Bon, ametoka, lakini angali anasimama pale kwa arrêt ya tram." Nilichungulia dirishani, pale kituo cha tramu sikuona mtu. Nikajiambia ameshaondoka.

Jumamosi nilimlazimisha Hae-won twende sokoni Flagey apate jua. Tulikuwa tunachagua viazi, ananicheka kwa jinsi ninavyobishana bei, kijana wa Kikorea mwenye koti safi akatusogelea. Akainama kwa heshima kama wafanyavyo kwao, akamuuliza kama yeye ndiye Hae-won. Hae-won naye kwa mazoea akainama kumwitikia. Hajainuka, yule akampiga chupa ya kisogo.

Alianguka kifudifudi. Kijana akaweka kisigino juu ya mkono wake wa kushoto, akaukanyaga na kuukanyaga tena, huku ameinua simu anarekodi. Nilisikia mifupa, Nathaniel. Nilimrukia mgongoni nikamng'ata sikio mpaka damu yake ikanijaa mdomoni. Akanipiga kiwiko, jino likatoka. Muuza kuku wa kuchoma alikuja na koleo la chuma, akamlaza chini. Watu walikuwa wametuzunguka tayari, na wengi wao wameinua simu.

Polisi wamemchukua. Hae-won ameshonwa kichwa, mkono umetiwa vyuma. Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi.

Unamkumbuka yule fundi saa wa Uyole? Mtu mmoja aliita mwizi, barabara nzima ikatoka na mawe. Mwizi mwenyewe akapatikana kesho yake na mzigo kichwani. Baba alikuwa akisema kwamba katika wale wote hakuna aliyekwenda kulala akijua kama jiwe lake ndilo lililomwua yule fundi. Wewe lako unalijua. Picha iliyozagaa mtandaoni kwao ni ile ya jikoni kwangu. Na anwani yangu iko juu ya kila kifurushi nilichokutumia, navyo viko chumbani kwenu.

Nijibu.

Vero


Brussels
9 Aprili 2012

Nathaniel,

Pasaka imepita na hujaandika. Mama nimemwambia una mitihani. Hajambo, anakusalimu.

Video ya Flagey imefika kila mahali. Hae-won ameiangalia, na maoni ameyasoma yote. Nilimnyang'anya kompyuta, akapiga magoti kunisihi nimrudishie, kana kwamba nimemnyima dawa. Kuna mmoja ameandika, "Bado mkono wa kulia." Maelfu wamempongeza.

Jana nilitoka kazini nikamkuta ameketi sakafuni na nyundo, anaivunja fidla yake. Hakuwa na hasira. Aliivunja kipande kwa kipande mpaka ikawa vijiti, kisha akafagia, akanisaidia kumenya vitunguu kwa mkono mmoja.

Radhi sitaki. Nataka jibu.

Vero


Daejeon
2 Juni 2012

Dada Vero,

Shikamoo. Sijui kama utaiitikia, lakini shikamoo. Jicho la kulia halijafunguka vizuri, kwa hiyo naandika polepole.

Siku nilipopata barua yako ya Machi nilirudi chumbani, nikamkuta Do-yun na wenzake wanaangalia video ya Flagey. Walikuwa wakirudisha pale chupa inapopasuka, wanarudisha tena, wanacheka. Mmoja akaonyesha kidole kwenye kioo, akauliza yule mama mweusi mwenye kung'ata ni nani. Do-yun alikujua kwa ile picha. Akasema, "Dada yake huyu," akanipigapiga begani kama ananipongeza. Nilimpiga, dada. Nilimpiga mpaka taya likahama, na alipokuwa chini sikuacha. Nilijiona nina haki kabisa. Hilo ndilo linaloniogopesha.

Kwa muda sikuweza kukuandikia. Kisha niliingia kwenye jukwaa lao la mtandaoni, nikaandika kwa Kikorea habari ya mkono wa yule mzee, kama Hae-won alivyokueleza. Chini nikaweka jina langu kamili. Hazikupita saa nyingi wakanigeukia. Wakatoa picha yangu, bweni langu, namba ya chumba. Wakaandika kwamba nyani anamtetea kahaba. Vijana watatu wakanivizia asubuhi kwenye banda la baiskeli, wana magongo ya besiboli. Mbavu zimeunga. Jicho, daktari anasema tusubiri.

Chuo kimenifukuza kwa sababu ya taya la Do-yun, na hilo sibishani nalo. Mwisho wa mwezi narudi nyumbani.

Jana nilikwenda kwenye mgahawa wa mama yake Hae-won. Ukutani wameandika kwa rangi nyekundu maneno nisiyoweza kukuandikia. Nikajitaja mimi ni nani na nimefanya nini. Alinizaba kibao upande wa jicho bovu, nikaona giza. Akanizaba kingine. Kisha akaingia ndani, nikadhani anafuata kisu. Alirudi na ndoo na brashi, akaviweka miguuni pangu. Nilisugua ule ukuta tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Hakunipa maji wala neno, ila nilipokuwa naondoka aliniita. "Mwambie binti yangu nafungua kila siku."

Mwambie, tafadhali.

Mdogo wako,
Nathaniel


Brussels
20 Oktoba 2012

Nathaniel,

Marahaba. Mama ananiambia uko kwake Tukuyu, unakula, na jicho limerudi nusu. Nimefurahi kusikia. Mimi ni mzima, jino la bandia nimelizoea.

Kesi imekwisha, yule kijana amefungwa. Hakimu alimuuliza huyo kijana kwamba Hae-won alimkosea nini. Akasema hakuwahi hata kuonana naye. Akaulizwa kwa nini basi alisafiri mpaka huku. Alilia kama mtoto, akasema, "Watu walikuwa wananitegemea." Hae-won alikuwa ameketi karibu yangu. Vidole viwili havikunji tena.

Juzi tumemsindikiza Gare du Nord, mimi na papa Bertin, apande treni ya uwanja wa ndege. Anarudi Daejeon kwa mama yake. Anataka kuwashtaki, yule mzee kwanza, kisha wale walioandika, mmoja mmoja, kwa majina yao. Nilimwambia watamuua. Akasema huku walishajaribu.

Maneno ya mama yake nilimpa zamani, siku ile ile barua yako ilipofika. Yaliyobaki sikuyasoma kwake, hasira ilinizuia. Pale kituoni nikaona si haki aondoke bila kuyasikia, nikamsomea yote kwa Kifaransa, hata ya taya. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Maelfu waliandika. Ni yeye peke yake aliyeandika jina lake." Akaniagiza nikuambie kwamba hakuchukii.

Nimekuambia. Hayo ni yake.

Mimi bado. Krismasi nakuja nyumbani. Utanipokea stendi, utanibebea begi, na mbele ya mama tutakula sahani moja. Usiniulize kama yamekwisha. Siku yakiisha nitakuambia mimi.

Dada yako,
Vero