Ukurasa wa Tisini na Saba

Jumatatu, 8 Septemba

Baridi. Vidole havikunjuki kwenye kibodi. Programu ya mradi imeshuka kutoka mistari kumi na tisa hadi minne. Nafuta zaidi kuliko ninavyoandika. Jirani yangu wa dawati ameona skrini nyeupe, akaniuliza nitaanza lini. Nikamwambia nimekaribia kumaliza.

Mradi wangu ni zamu ya maji ya mfereji wetu, Malindi ya kule milimani, si ya pwani. Kaya kumi na moja, kila kaya siku yake. Mama ni wa tisa. Jana ilikuwa zamu yake, akanywesheleza kabichi alizohamisha juzi kutoka kitaluni.

Jumanne, 9 Septemba

Mstari mmoja. Nimeupata kabla ya chai ya saa nne.

zamu = kaya ++ zamu

Yaani zamu ni majina ya kaya zote, yakifuatiwa na zamu yenyewe tena. Nimelitumia jina ndani ya maana yake lenyewe na mashine haikulalamika. Lugha hii ya kompyuta inaitwa ya kivivu, na walioitunga hawaoni aibu. Haikokotoi kitu mpaka iombwe. Nikiomba majina ishirini, inatoa ishirini, inanyamaza. Orodha haina mwisho, na imeenea kwenye mstari mfupi kuliko jina langu la cheti. Nimefurahi kijinga. Chai vikombe viwili.

Jumatano, 10 Septemba

Mama kapiga simu. Daftari la maji linaisha wiki ijayo. Ni kaunta buku la kurasa tisini na sita, ukurasa mmoja kwa siku, mwenye zamu anatia sahihi. Mzee Shekiondo, katibu wa mfereji, kashanunua jipya. Daftari jipya huanza na nyumba yake, kaya ya kwanza, maana babu yake ndiye aliyeuchimba mfereji. Ukurasa wa kwanza ni wa mchimbaji. Ndiyo heshima yetu, nimeikuta.

Nimepiga hesabu mara tatu. Kurasa tisini na sita ni mizunguko minane, zinabaki kurasa nane. Kaya ya nane inafunga daftari. Ya tisa ni mama. Kwa hiyo kila daftari likiisha, mama, Bi Mwanahamisi na yule bwana aliyehamia kutoka Rangwi wanarukwa. Kila daftari, tangu nikiwa mtoto. Mama alikuwa akisema maji yamechelewa. Hayakuchelewa. Alipewa mwingine, na hakuna aliyekusudia, hata Mzee.

Safari hii kabichi changa zitakaa siku kumi na tisa bila maji. Hazitapona. Nina hasira mpaka masikio yanauma.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimewasilisha mradi. Mwalimu Mbwana, mtu wa Tanga, nadhifu, kalamu tatu mfukoni, akauliza: "Kazi iko wapi?" Nikamwonyesha ule mstari. Akauliza zamu ziko ngapi jumla. Nikasema hazina jumla. Akasogea mwenyewe, akaandika length zamu, yaani urefu wa zamu, akabonyeza.

Feni ya kompyuta ikaanza kulia. Dakika nzima. Darasa likacheka. Akasema programu imekwama.

Nikamwambia, "Samahani Mwalimu, haijakwama. Inahesabu. Umeiuliza mwisho wa kitu kisicho na mwisho."

Hakupenda. Anataka siku mia tatu sitini na tano, moja moja, zichapishwe, zijalidiwe, kufikia Jumatatu. Mradi lazima uonekane mezani, anasema. Nikamuuliza siku ya mia tatu sitini na sita anakunywa nani. Akaita mwingine.

Nimetoka na hasira ileile. Huyu na daftari la kule nyumbani ni ugonjwa mmoja: mahali karatasi inapoishia, wanadhani na zamu imeishia.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijaongeza hata nukta.

Jumapili, 14 Septemba

Malindi. Nimembebea Mzee Shekiondo kompyuta hadi barazani kwake. Shikamoo, marahaba, habari za masomo. Nikamwomba ataje ukurasa wowote. Akataja wa mia mbili kunikomoa. Ikatoka kaya ya pili. Akahesabu kwa vidole, kwa Kishambaa, muda mrefu. Ni kweli. Nikamwonyesha wa tisini na saba: jina la mama.

Akafunga kifuniko cha kompyuta taratibu, kama mtu anayefunika chungu. "Binti, mashine yako haikuchimba mfereji."

Mama kanigombeza njia nzima. Nimemwaibisha kwa mkubwa. Nimesema sawa mama, na sijasema naacha.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimekabidhi karatasi moja, mstari mmoja katikati. Mwalimu kaandika alama hapo hapo, mbele yangu. Ya kupita tu, kwa kukwaruza. Nimeipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru. Aone sijalia.

Jumatano, 17 Septemba

Nimeomba ruhusa chuoni. Hawakujibu. Nimekuja.

Leo ni ukurasa wa mwisho. Mwenye zamu ya nane katia sahihi pale kwenye lango la maji, watu wapo, Mzee ana daftari jipya kwapani. Nilikuwa nimejiapiza: akiandika jina lake, kesho nafungua lango mwenyewe kwa jembe, waniite watakavyo.

Mama kanibana kiwiko ninyamaze. Nikamwamkia Mzee tena, mbele za watu, nikasema: "Babu yako ana ukurasa wa kwanza. Uliandikwa siku maji yalipopita hapa mara ya kwanza. Wa kwanza ni mmoja tu, Mzee. Hizi nyingine zote zinafuata."

Bi Mwanahamisi alikuwa anatazama maji. Mzee akaondoka na daftari lake, hajaliandika.

Mama hajanigombeza. Katayarisha jembe, kaliegemeza mlangoni.

Alhamisi, 18 Septemba

Ukungu. Tumefika langoni, Mzee katutangulia. Shikamoo. Marahaba.

Akafungua daftari. Mwandiko wake wa shule ya zamani, umelala kulia. Jina la mama. Pembeni juu, kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya, kaandika namba: 97.

Mama katia sahihi. Mkono ulichelewa kidogo kwenye herufi ya kwanza. Mzee kalifungua lango, kaenda zake kuangalia karoti zake.

Tumenywesheleza mpaka saa tano. Kabichi zimesimama. Kesho ni Bi Mwanahamisi.